Mlio Chini ya Gari: Kuchagua Mikono na Bushi za Gari Kuukuu



Yamkini baadhi yenu, ndugu zangu na dada zangu wasomaji, mtashangaa kumwona mtu wa juzuu na vitabu akizungumzia vyuma na mipira ya gari. Sidai ufundi. Lakini gari la nyumbani ni chombo kinachobeba roho za watu, na kila asubuhi nikipita daraja la Nyali huwaona kina mama wengi wameshika usukani, watoto wamejipanga kiti cha nyuma kwa sare zao. Wengi wa kina mama hao huendesha magari yaliyokwisha kula miaka yake. Wakienda gereji huelezwa mambo kwa haraka, hutajiwa bei, kisha hutakiwa walipe. Ninayoyaandika leo nimejifunza kwa kukosea, na kosa lenyewe lilianzia nyumbani kwangu.

Gari letu ni Toyota Corolla ya mwaka 1999. Mwaka jana mama watoto aliniambia, baada ya kuwapeleka watoto shule, "Bwana, hili gari linagonga kila nikipanda tuta. Upande wa kushoto, chini ya miguu ya abiria."

Nikamjibu kwa mzaha: "Gari likizeeka halikosi kulalama. Hata mimi nikiinuka goti hulia."

Akanyamaza. Baada ya wiki mbili akarudia maneno yale yale, nami nikarudia mzaha ule ule. Mwezi uliofuata tulikuwa tukirudi kutoka Kilifi, mimi nikiendesha, mama yangu mzazi akiwa kando yangu, mama watoto na watoto watatu wakiwa nyuma. Mbuzi akakatiza barabara. Nilipokanyaga breki, gari halikusimama katika mstari wake. Lilijivuta kushoto kana kwamba kuna mtu aliyeukamata usukani akauvuta, nasi tukasimama nusu ya gari likiwa nje ya lami, hatua chache kutoka kwa wanawake wawili waliokuwa wakiuza maembe. Hakuna aliyeumia, walhamdulillah. Mama watoto hakusema neno njia nzima, na kimya kile kilinihukumu kuliko lawama.

Jioni ile nililala kifudifudi kando ya gurudumu na kumulika kwa tochi. Ukingo wa ndani wa tairi ulikuwa umelika hadi nyuzi zaonekana, ilhali ukingo wa nje, ule ninaouona kila siku, ulikuwa mzima kabisa.

Mkono ni nini, na bushi ni nini

Kila gurudumu la mbele hushikwa na mkono wa chuma ulio chini, unaoliunganisha gurudumu na mwili wa gari. Mafundi wetu huuita loa amu. Waingereza huuita kwa jina la ule mfupa wa kidari cha kuku wenye panda mbili, kwa kuwa aghalabu umbo lake ni hilo: ncha moja huelekea kwenye gurudumu, na ncha mbili hufungwa kwenye mwili wa gari. Gari kama letu lina mkono mmoja wa chini kila upande wa mbele. Magari mengine, kama Toyota Mark X, yana mikono miwili kila upande, wa juu na wa chini.

Mkono hupanda na kushuka kila gurudumu linapokutana na shimo au tuta. Pale kwenye ncha mbili zinazofungwa kwenye mwili wa gari pana bushi. Bushi ni bomba dogo la chuma lililo ndani ya bomba kubwa, na katikati yake pana mpira ulioshikamana na vyuma vyote viwili. Bolti hupita katika bomba la ndani na kulikaza lisizunguke. Mkono ukipanda, mpira hujisokota. Ukishuka, mpira hujisokotoa. Ama kwenye ncha ya gurudumu pana kiungo cha duara mfano wa nyonga ya mwanadamu, nacho ndicho boljointi.

Kazi ya bushi ni mbili. Kwanza, hulizuia gurudumu lisitangetange huku na huko, ili usukani ukiamrisha, gurudumu litii. Pili, humeza mtikisiko na kelele za barabara zisiwafikie walio ndani. Mpira ukichanika, gurudumu hupata nafasi ya kwenda lisikotakiwa. Ukikanyaga breki, gurudumu lenye bushi mbovu husogea nyuma, na lile zima husalia mahali pake. Kwa hivyo gari huvuta upande. Hayo ndiyo yaliyotupata njia ya Kilifi.

Kwa nini huchakaa upesi kwetu

Mpira huzeeka kwa kazi, na huzeeka hata bila kazi. Joto huukausha, hewa huupasua nyufa ndogo ndogo, na mafuta yanayovuja kutoka injini huulainisha hadi ukavimba na kulegea. Sisi wa pwani tuna joto la kutosha mwaka mzima, na juu yake tuna chumvi ya bahari. Chumvi haiuli mpira hasa, lakini hula vyuma. Bomba la ndani la bushi hushikana na bolti kwa kutu hata fundi akashindwa kuichomoa, na mara nyingine hulazimika kuikata. Kwa hivyo anayepanga kubadilisha bushi Mombasa, Lamu au Malindi na aulizie bei ya bolti mpya mapema, asije akakwama gari likiwa limekwisha fumuliwa.

Ipo pia desturi ya kupuliza oili chafu au dizeli chini ya gari ili kuzuia kutu. Kutu huenda ikapungua, lakini mpira wa bushi hauyapendi mafuta hayo. Ukitaka kukinga vyuma, mwambie anayeosha gari aoshe chumvi kwa maji safi, na kama ni dawa ya kutu ipakwe penye chuma tu.

Tukumbuke na jambo jingine. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, na magari mengi hutufikia yakiwa yamekaribia umri huo. Basi gari unaloliita jipya kwa kuwa umelinunua juzi bandarini, mipira yake yaweza kuwa na miaka saba tayari. Ongeza miaka kumi ya matuta yetu, mashimo ya msimu wa mvua, na ule mruko wa kuingia na kutoka kivukoni Likoni, utaona si ajabu bushi kuchoka.

Dalili ambazo mtu yeyote aweza kuzitambua

Huhitaji kuvaa ovaroli ili kuzijua dalili hizi.

Ya kwanza ni mlio mzito, "du", gurudumu linapopanda tuta au kutumbukia shimoni, au unapobadilisha kutoka kwenda mbele kwenda nyuma kisha ukashika breki. Mlio wa kokoto, "ta-ta-ta", kwenye barabara ya vumbi huwa aghalabu ni wa viungo vyembamba vya stabilaiza, na hivyo bei yake ni ndogo zaidi. Usikubali kuuziwa mkono kwa sababu ya kiungo.

Ya pili ni gari kuvuta upande mmoja unapofunga breki. Breki mbovu nazo huleta dalili hiyo hiyo, kwa hivyo sharti vyote viwili vikaguliwe.

Ya tatu ni tairi kulika ukingo mmoja. Geuza usukani hadi mwisho gari likiwa limesimama na injini imezimwa, kisha pitisha kiganja taratibu juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje. Ukihisi ukali mfano wa meno ya msumeno upande mmoja wa safari ya mkono, gurudumu halielekei linakotakiwa. Uwe mwangalifu, maana nyuzi za waya zikiwa zimetokeza hukata kidole.

Ya nne ni usukani kutotulia katika barabara iliyonyooka, ukawa kila mara unausahihisha kidogo.

Gereji, fundi hupachika mtaimbo mwembamba kati ya mkono na mwili wa gari na kuusukuma polepole. Mkono ukicheza kwa wepesi, au nyufa za mpira zikifunguka kama mdomo, bushi imekwisha. Nyufa ndogo za juu juu peke yake si hukumu. Kisha gurudumu huinuliwa na kutikiswa juu na chini kuipima boljointi. Kama boljointi inacheza, ndugu yangu, usiliendeshe gari hilo hadi litengenezwe, kwa kuwa kiungo hicho kikichomoka gurudumu hulala na gari halina tena mwongozo. Mwombe fundi akuonyeshe kwa macho yako. Fundi mwema hufurahi kuonyesha. Na asiingie mtu yeyote chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Sharti liwekewe stendi.

Kosa langu la pili

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutomsikiliza aliyelisikia gari kabla yangu. La pili nililifanya gereji. Kijana fundi wa mtaani kwetu aliniambia, "Maalim, bushi zimekwisha pande zote." Nikamwambia atafute za bei nafuu kuliko zote. Akaleta nne katika mfuko wa plastiki usio na jina wala namba, akazibadilisha kwa adhuhuri moja, na gari likanyamaza. Nikajiona nimeokoa fedha.

Baada ya miezi minne mlio ukarudi. Safari hii niliusikia mwenyewe.

Wakati huo huo shemeji yangu alikuwa akitafuta gari la kumpeleka mkewe kazini, akaniuliza kama ningemuuzia la kwetu. Bei aliyoitaja ilikuwa nzuri, nami nilikuwa nimechoka na gereji. Nilimjibu kuwa nitafikiria. Usiku, mama watoto akiwa anakunja nguo, aliniuliza bila kuinua macho: "Utamwambia kuhusu ule mlio?"

Sikuwa na jibu la haraka, na kule kuchelewa kwangu kulinitia aibu. Mimi ndiye ninayewafundisha vijana darasani kwamba mwenye kuuza kitu chenye aibu anayoijua hana budi kuibainisha kwa mnunuzi. Ningemsomesha nani tena, na dada yangu angekuwa ndani ya gari lile? Asubuhi nilimpigia shemeji nikamweleza yote: tairi, mbuzi, bushi za mfukoni, na mlio uliorudi. Akashukuru, akasema atangoja. Nami nikalipeleka gari kwa fundi mmoja mzee upande wa Changamwe, aliyefanya kazi hiyo kabla kijana wetu hajazaliwa.

Mzee yule alichomoa bushi ya miezi minne akaiweka kiganjani mwangu. Mpira ulikuwa umebanduka kutoka kwenye chuma na kuchanika duara zima. "Maalim," akasema, "mpira huu ni dhaifu, lakini haukufa kwa udhaifu peke yake. Umefungwa vibaya." Maana ya maneno hayo nitawaeleza baadaye, kwa kuwa ndiyo faida kubwa niliyoipata.

Njia nne za kuchagua

Mikono na bushi zikichakaa, mwenye gari kuukuu huwa na njia nne mbele yake.

Njia ya kwanza ni kubadilisha bushi peke yake na kuacha mkono wa zamani. Hii inafaa ikiwa chuma cha mkono ni kizima, hakikupinda wala kuliwa na kutu, na boljointi bado imara au yaweza kubadilishwa peke yake. Katika gari letu boljointi hufungwa kwa bolti na nati, hivyo huondoka bila kuugusa mkono. Katika magari mengine imeshindiliwa ndani ya mkono, na kuna mengine ambayo huwezi kuipata ila pamoja na mkono wake. Jambo la kuzingatia ni kwamba bushi huingizwa kwa mashine ya kushindilia. Fundi anayeipiga kwa nyundo huharibu mpira kabla haujafanya kazi siku moja. Isitoshe, bushi kubwa ya nyuma katika mikono mingi ina matundu ndani ya mpira, na matundu hayo yana mwelekeo wake. Fundi hana budi kutia alama kabla ya kuitoa ya zamani, ili mpya ikae kwa mwelekeo ule ule.

Njia ya pili ni kununua mkono mpya mzima uliokuja na bushi zake, na katika aina nyingi na boljointi pia. Bei yake huwa juu, lakini kazi ya fundi ni fupi, na hakuna kushindilia. Ikiwa bushi zote mbili zimekwisha, boljointi inacheza, na chuma kina kutu, njia hii huwa nafuu ukijumlisha kila kitu. Mkono uliopinda kwa ajali au shimo kubwa hauna njia nyingine. Usikubali upashwe moto na kunyooshwa kwa nyundo, na kama ni wa aluminiamu usikubali uchomelewe. Chuma kilichopashwa moto hivyo hupoteza nguvu zake, na hakikupi ilani siku kinapovunjika.

Njia ya tatu ni mkono wa mtumba kutoka gari lililovunjwa. Wengi hupenda spea hizi kwa kuwa chuma chake ni cha asili kutoka kiwandani, na kwa chuma wana haki. Lakini mkono wa mtumba huja na bushi za mtumba, na mpira wake una umri sawa na wa gari ulikotoka. Hujui pia kama gari lile lilivunjwa kwa sababu ya kugongwa gurudumu hilo hilo. Mkono wa mtumba nauona unafaa pale tu chuma chako kimeharibika na kipya hakipatikani. Uweke karibu na ule wa upande wa pili ulinganishe umbo, kisha utie bushi mpya kabla ya kuufunga.

Njia ya nne ni bushi za poliurethini, zile ngumu ambazo aghalabu huwa na rangi nyekundu, manjano au samawati. Hizi hudumu muda mrefu, hazidhuriki upesi kwa mafuta, na usukani huwa mkakamavu zaidi. Lakini nyingi zake hazifanyi kazi kwa kujisokota, bali huzunguka juu ya bomba lake, kwa hivyo huhitaji grisi yake maalumu ya silikoni. Zikikauka hulia kama mlango wa kale. Pia hupitisha mtikisiko mwingi zaidi ndani ya gari. Kwa kijana apendaye mwendo zitampendeza. Kwa gari la kumbeba mama mzee, mja mzito au mtoto mchanga, mpira wa kawaida uliotengenezwa vizuri ni bora.

Na kwa njia yoyote utakayoichagua, badilisha kulia na kushoto pamoja. Gurudumu moja likiwa na mpira mgumu mpya na jingine lina mpira uliolegea, gari litaendelea kuvuta upande.

Dukani

Usiende dukani na jina la gari tu. Magari yenye jina moja na mwaka mmoja yaweza kutofautiana mikono, hususan yale yanayoendeshwa kwa magurudumu mawili na yale ya magurudumu manne. Chukua namba ya chesisi iliyomo katika logibuku, umwombe muuzaji atafute namba ya spea kwa namba hiyo. Ukiweza, nenda na ile ya zamani mkononi, ulinganishe urefu, upana wa tundu la bolti, na upande, kwani mkono wa kulia si wa kushoto.

Tazama sanduku. Namba iliyoandikwa juu ya sanduku ilingane na iliyochorwa au kubandikwa kwenye spea yenyewe. Maandishi yenye makosa ya herufi, nembo iliyofifia, au sanduku la kampuni moja lenye spea isiyo na alama yoyote, yote ni sababu ya kurudisha. Kandamiza mpira kwa ukucha: uwe na uhai, usiwe umekauka wala kuwa na nyufa. Angalia pale mpira unapokutana na chuma, pasiwe na mwanya. Kumbuka kwamba spea iliyokaa rafuni miaka mingi kwenye joto nayo imezeeka, ingawa haijatumika.

Si lazima ununue ya sanduku la kampuni iliyotengeneza gari. Zipo kampuni za spea zinazotengeneza kwa ubora wa kutegemewa na kuuza kwa jina lao wenyewe kwa bei ya chini. Muulize fundi unayemwamini ni jina gani analofunga katika gari lake mwenyewe. Kisha dai risiti yenye jina la spea na namba yake, pamoja na muda wa dhamana. Muuzaji anayekataa kuandika amekwisha kukujibu.

Kwa fundi

Sasa nirudi kwenye maneno ya mzee wa Changamwe. Nilisema kwamba mpira wa bushi hujisokota. Gari likiwa limeinuliwa, magurudumu huning'inia na mikono huinama chini. Fundi akikaza bolti za bushi kabisa katika hali hiyo, mpira hushikwa ukiwa umelala chini. Gari likishushwa, mkono hupanda, na mpira hubaki umesokotwa usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa. Kila tuta huuzidishia msokoto, hadi ukachanika. Hivyo ndivyo bushi zangu zilivyokufa kwa miezi minne.

Dawa yake haigharimu hata senti. Bolti hutiwa na kukazwa kidogo tu gari likiwa juu. Kisha gari hushushwa likae kwa uzito wake juu ya magurudumu, au mkono huinuliwa kwa jeki hadi kimo chake cha kawaida, ndipo bolti hukazwa kwa mwisho. Mzee yule alilishusha gari, akalitikisa mara kadhaa, kisha akaingia kwenye shimo la gereji na spana yake ya kupimia nguvu. Kazi iliyozidi haikufika nusu saa.

Kwa hivyo, mama au bwana, ukifika gereji muulize fundi maswali haya kwa upole. Bushi utaziingiza kwa mashine au kwa nyundo? Bolti utazikaza gari likiwa juu au likiwa chini? Nati za boljointi na pini zake utatia mpya? Spea za zamani nitapewa nizione? Huhitaji kubishana naye. Mwenye kujua kazi atakujibu bila kununa, na asiyejua utamtambua.

Kazi ikiisha, peleka gari siku hiyo hiyo likapimwe alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu. Mikono ikiguswa, mwelekeo hubadilika, na ukiacha kupima utaitafuna tairi mpya kama ile ya zamani. Taka karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Kisha baada ya wiki mbili mrudie fundi aangalie kama bolti zote zimekaa.

Nilipokusanya risiti zangu zote, niliona kwamba bushi za bei nafuu, ufundi mara mbili, alaimenti mara mbili na tairi moja iliyotupwa, vimezidi bei ya mikono miwili mipya niliyoikwepa mwanzo. Na hiyo ni hesabu ya fedha tu. Wale wauza maembe wa njia ya Kilifi hawamo katika risiti yoyote.

Sote hutoka nyumbani kwa kumtegemea Mwenyezi Mungu, na dua ya safari huwafundisha watoto wetu wakiwa wadogo. Lakini tawakali haimwondolei mtu wajibu wa kumfunga ngamia wake, na ngamia wa zama zetu hufungwa kwa bolti na mpira. Waume wenzangu nawaomba jambo moja. Mke akikwambia gari lina mlio, usimjibu kwa mzaha. Yeye ndiye alilo nalo kila siku, na sikio lake limekwisha lizoea gari likiwa zima.

Mimi nilimwomba radhi mama watoto siku lilipotoka Changamwe. Alilizungusha hadi Bamburi na kurudi, akapanda matuta yote bila kuyakwepa, akisikiliza. Alipofika nyumbani shemeji alikuwa amekuja, na akauliza tena habari ya kununua. Kabla sijafungua kinywa, mama watoto alimwambia, "Shemeji, pole sana. Hili sasa haliuzwi." Akatia ufunguo mkobani mwake.

Mwenyezi Mungu awalinde nyinyi na watoto wenu barabarani, wanaoendesha na wanaotembea kwa miguu. Tukutane wiki ijayo, inshallah.

Wabillahi tawfiq.